Mbegu Ishirini na Moja

Kwenye rafu ya ofisi yangu ndogo pale Misuna, Singida mjini, ipo chupa ya maji ya lita moja ambayo nimekataza isiguswe. Ndani yake mna dizeli, na chini ya dizeli mna maji. Ukiitikisa, vyote viwili vinakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukiiacha itulie, kila kimoja kinarudi mahali pake na mstari unajichora katikati, umenyooka kama umepigwa rula. Wateja wanaoleta alizeti kukamua huniuliza hiyo ni dawa ya nini. Huwaeleza, maana kwa chupa hiyo nilijifunza jambo ninalotaka kuliandika hapa: jinsi mtu wa kawaida anavyokata rufaa katika mambo ya mafuta na umeme, na jinsi kanuni ndogo za utaratibu, zile ambazo hakuna anayezisoma, zinavyoweza kumfungulia mlango au kumfungia nje.

Ilikuwa Aprili 2019. Alizeti ya kwanza ya msimu ilishaanza kutoka Mkalama, nami nikamtuma dereva na Canter akaifuate. Alijaza dizeli lita 60 kwenye kituo kimoja cha hapa mjini, akachukua risiti, akashika barabara ya Ilongero. Hakufika. Gari lilianza kukohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Akanipigia simu: "Mama, gari limekata pumzi." Fundi niliyempeleka kwa bodaboda alifungua chujio la dizeli, akamimina kilichokuwamo kwenye chupa aliyokuwa akinywea maji, akaiinua juani. Hakusema neno. Ule mstari ulitosha.

Pampu ilikufa, na nozeli pamoja nayo. Canter ilikaa juu ya mawe wiki tatu. Anayeifahamu biashara ya kukamua anajua wiki tatu za mwanzo wa msimu zina maana gani. Mkulima mwenye magunia ndani na karo ya mtoto shingoni hakusubiri; gari la kwanza kusimama mlangoni ndilo linalopakia. Mzigo wangu ulichukuliwa na wengine, na mashine ikashinda kimya, vijana wangu wanne wamekaa juu ya mashudu ya mwaka uliopita.

Nilianza pale sheria inapotaka kila mtu aanzie, kwa aliyeniuzia. Risiti ilikuwepo, chupa ilikuwepo, maelezo ya fundi nilikuwa nimeyaandikisha. Tulipovutana bila kuelewana nikapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo sote tunaiita EWURA. Kabla ya hapo nilidhani kazi yake ni kutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi. Kumbe ina utaratibu mzima wa kupokea malalamiko ya mtumiaji: unajaza fomu, mtoa huduma anatakiwa kujibu kwa maandishi, mnakalishwa kusuluhishwa, na suluhu ikishindikana shauri linasikilizwa na kuamuliwa. Na liko Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji na kumshauri, bila malipo. Nalitaja kwa sababu wengi wa wenzangu wenye mashine hawajawahi kulisikia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Septemba uamuzi ukatoka. Nilipewa gharama za pampu na nozeli. Safari zilizopotea, na zile wiki tatu za mashine kulala, sikupewa kitu. Huenda uamuzi ulikuwa sawa kwa ushahidi niliokuwa nimepeleka, kwani hesabu za mzigo uliopotea sikuwa nimeziandika popote, zilikuwa kichwani. Lakini moyo haukuridhika, na nilikuwa nimesikia kwamba asiyeridhika ana siku 21 za kukata rufaa. Karatasi niliipokea kwa mkono, Jumatatu tarehe 2 Septemba, siku ileile ilipotolewa. Nikafungua kalenda nikahesabu. Nilihesabu Jumatatu mpaka Ijumaa tu. Nilijiambia ofisi za serikali hazifunguliwi Jumamosi na Jumapili, sasa siku hizo zitahesabiwaje? Hesabu yangu ikaniangukia tarehe 1 Oktoba.

Alhamisi tarehe 26 nikachukua makaratasi yangu nikaenda kwa jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, anisaidie kuandika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mzigo leo."

Alisoma taratibu, akauliza niliupokea lini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaagiza kalenda ya ukutani ishushwe ilazwe juu ya benchi. Mfukoni mwangu kulikuwa na mbegu za alizeti. Mtu wa kazi hii hazimwishi mfukoni. Akanyoosha kiganja, nikampa. Akaanza kuweka mbegu moja juu ya kila tarehe. Ya pili akairuka. "Siku ya tukio haihesabiwi," akasema. Ya tatu, mbegu. Ya nne, mbegu. Jumamosi, mbegu. Jumapili, mbegu. Nikataka kumzuia mkono, naye akatikisa kichwa bila kuinua macho. Mbegu ya ishirini na moja ilitua juu ya Jumatatu tarehe 23.

"Umechelewa siku tatu."

Hesabu ile hakuitunga yeye. Imo katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inayotuambia namna ya kusoma sheria nyingine zote: siku ya tukio inaachwa, zinazofuata zinahesabiwa zote, na kama ya mwisho imeangukia Jumapili au sikukuu, unasogezewa mpaka siku inayofuata. Jumapili zilizo katikati zinaliwa kama siku nyingine. Ningeweza kuomba kuongezewa muda, lakini mzee alinieleza mambo ambayo baadaye niliyasoma mwenyewe. Mahakama ya Rufani, katika shauri la kampuni ya Lyamuya la mwaka 2010, iliweka vipimo ambavyo mpaka leo vinatajwa karibu kila mahali muda unapoombwa: ueleze kipindi chote ulichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe ulikuwa na bidii na si uzembe, au pawe na jambo zito kama uvunjifu wa sheria ndani ya uamuzi wenyewe. Kutojua sheria hakumo. Na mimi sababu yangu ilikuwa hiyo tu, sikujua. Msimu ulikuwa haujaisha, nikachukua malipo ya pampu nikarudi kwenye mashine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Nasoma usiku, mashine ikizimwa. Na nililoligundua ni kwamba rufaa hiyo niliyoikosa ndiyo hiyohiyo anayoitumia mwenye kituo cha mafuta aliyefungiwa au kampuni ya umeme iliyonyimwa bei iliyoomba. Wote tunaelekea mlango mmoja: Baraza la Ushindani. Baraza hili limeundwa na Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003. Mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu, na makao yake kwa miaka mingi yamekuwa Dar es Salaam. Linasikiliza rufaa kutoka Tume ya Ushindani na kutoka kwa wadhibiti: nishati na maji, usafiri wa ardhini, usafiri wa anga, mawasiliano. Namna ya kuingia mlangoni imewekwa katika Kanuni za Baraza za mwaka 2012, na humo ndimo zilimo zile siku 21.

Ukishaingia, usidhani unakwenda kuanza kesi upya. Sheria ya EWURA, Sura ya 414, inataja sababu unazoweza kusimamia, nazo ni nne. Unaweza kusema uamuzi haukutokana na ushahidi uliotolewa. Unaweza kusema sheria ilikosewa. Unaweza kusema Mamlaka ilivuka mipaka ya uwezo iliyopewa. Ya nne ndiyo niliyoitafakari kuliko zote: unaweza kusema kwamba utaratibu uliotakiwa haukufuatwa, na kwamba kutofuatwa huko kuligusa matokeo kwa kiasi cha maana. Na ukishinda, Baraza haliji na bei yake wala fidia yake mfukoni. Linaweza kutengua uamuzi, wote au sehemu, na kuurudisha ukaamuliwe upya.

Sasa nieleze kwa nini ile sababu ya utaratibu imenikaa moyoni kuliko hata siku zangu tatu.

Mambo yanayotubana sisi wenye mashine mara nyingi hayatoki kwenye shauri la mtu mmoja. Yanatoka kwenye mabadiliko ya kanuni na bei yanayotukuta wote kwa pamoja. Januari 2012 bei ya umeme ilipanda kwa asilimia 40.29. Januari 2014 ikapanda tena, kwa asilimia 39.19. Mota ya kukamua alizeti haina namna ya kubana matumizi. Ukiiwasha imekula, ukiizima hujakamua. Ndani ya miaka miwili ile nilibadilisha bei ya kukamua gunia mara tatu, na kila mara nilisimama mbele ya akina mama kutoka Ilongero na Mtinko nikijieleza kana kwamba mimi ndiye niliyekaa kuipanga.

Au chukua gharama za kuunganishiwa umeme. Mwaka 2021 ilikuwa shilingi 27,000, mjini na kijijini sawasawa. Januari 2022 kwa mjini ikarudi juu: 320,960 kwa aliye karibu, asiyehitaji nguzo, na zaidi kwa anayehitaji, huku kijijini ikibaki 27,000. Hapo swali la nani ni wa mjini na nani ni wa kijijini likawa swali la karibu laki tatu. Singida yetu mnaijua. Ukivuka Ziwa Kindai ukatembea kidogo unaona mawe makubwa, mtama, ng'ombe na nyumba za tembe, lakini kwa ramani bado uko ndani ya Manispaa. Mpwa wangu alikuwa amefunga nyaya nyumba nzima, anangoja kuvuna vitunguu alipie. Alipovuna, fedha ile ilikuwa haifiki hata robo.

Jambo kama hilo linapingwaje? Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba rufaa haianzi siku ya uamuzi. Sheria ya EWURA inaitaka Mamlaka, kabla ya kupanga bei au kupitisha kanuni za mwenendo kwa watoa huduma, ifanye kwanza uchunguzi wa wazi ambao wenyewe wanauita taftishi. Tangazo linatolewa, mkutano unaitishwa, maombi ya mtoa huduma yanawekwa mezani, na mtu yeyote anaruhusiwa kusimama au kuandika maoni. Kila linalosemwa pale linaingia kwenye kumbukumbu. Na kumbukumbu hiyo ndiyo ushahidi ambao siku ya rufaa mtu ataulizwa: uamuzi ulifuata ushahidi uliotolewa, au haukufuata? Kama hakuna mkamuaji wa alizeti aliyesema kitu, basi kwenye faili mkamuaji wa alizeti hayupo. Huwezi kulalamika mbele ya Baraza kwamba hoja yako ilipuuzwa wakati hoja yenyewe hukuifikisha.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja wa aina hiyo. Waliozungumza kwa muda mrefu walikuwa wahasibu na wanasheria wa makampuni, wana vishikwambi na majedwali. Mimi nilikuwa na daftari la jalada gumu, lile la kuandikia wateja. Nilisimama nikasoma kurasa mbili: umeme niliotumia kwa gunia, bei ya kukamua, mafuta yaliyotoka, mashudu yaliyobaki. Sauti ilitetemeka. Lakini karani alikuwa akiandika, nilimwona anaandika, na nikakaa chini nikijua kwamba safari hii hesabu zangu hazipo kichwani peke yake.

Ipo historia moja ninayoirudia kwa wenzangu, ingawa wengine hawaipendi. Desemba 2016 shirika la umeme, TANESCO, lilikuwa limeomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, baada ya taftishi EWURA ikaidhinisha 8.53, zianze Januari mosi 2017. Kabla hazijaanza kutumika, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, akazisitisha. Mtaa mzima tulishangilia, na mimi nilishangilia, mfuko ulipona. Ila nilipokaa baadaye nikajiuliza: je, ingekuwa kinyume chake? Je, taftishi ingetupa sisi wadogo unafuu, halafu amri moja ikaufuta? Ningelia na nani? Uamuzi unaobadilishwa kwa njia ya rufaa unaacha sababu zilizoandikwa, ambazo mtu wa Iramba anaweza kuzisoma na kuzitumia mwaka ujao. Nafuu ya siku moja siidharau. Lakini njia yenye sababu zilizoandikwa ndiyo ninayoweza kuitembea tena.

Na kanuni ikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, je, mambo yameisha? Hapana, ingawa hapo njia inapanda mlima. Bunge lina Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo, ambayo kazi yake ni kupitia kanuni na sheria ndogo zinazotungwa na mawaziri na mamlaka, kuona kama zinakwenda sawa na sheria mama. Mbunge wako anaweza kuipelekea hoja. Pia Mahakama Kuu inaweza kuombwa kuupitia uamuzi wa chombo cha umma, na maombi ya ruhusa ya kufanya hivyo yanatakiwa yawe ndani ya miezi sita. Hapo utahitaji wakili, na wakili anahitaji kulipwa. Ndiyo maana naendelea kusisitiza ule mlango wa kwanza, wa taftishi, ambao hauna kiingilio.

Nimetazama pia wenzetu wanafanyaje. Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inampa asiyeridhika na uamuzi wa mdhibiti siku 30 za kwenda kwenye baraza lao la nishati na petroli. Uingereza wao wana njia ya pekee kabisa kwa ajili ya mabadiliko ya kanuni za sekta, yaani vile vitabu vizito vinavyosema nani anaingiza gesi kwenye bomba, lini, na kwa malipo gani. Mdhibiti akiidhinisha badiliko, anayeguswa ana siku 15 za kazi tu za kuomba ruhusa ya kukata rufaa. Siku za kazi! Kule hesabu yangu ya Jumatatu mpaka Ijumaa ingekuwa sahihi. Sheria yao ni ya mwaka 2004, kanuni za utaratibu zikafuata mwaka 2005, na mwaka 2007 kampuni ya E.ON ikaitumia njia hiyo na kushinda: badiliko la kanuni za mtandao wa gesi lililokuwa limeshaidhinishwa likatenguliwa. Nao hawaziachi kanuni hizo zilale. Vyombo vinabadilika na sekta inabadilika, hivyo taratibu nazo hurudishwa mezani, watu wakaulizwa maoni.

Hilo ndilo ninalolitaka hapa. Kanuni za Baraza letu ni za mwaka 2012. Mwaka huo nguzo za chuma za msongo wa kilovoti 400, zinazotoka Iringa kupitia Dodoma na hapa Singida mpaka Shinyanga, zilikuwa hazijasimama. Leo ukitoka mjini unaziona zikipanda na kushuka vilima, na nyingine zinaelekea Arusha na Namanga kuungana na Kenya. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga limekatiza Iramba, Mkalama na Singida Vijijini. Upepo wetu, huu unaotupasua midomo Julai, umepimwa na wawekezaji kwa ajili ya mitambo. Mkoa uliokuwa ukiijua nishati kwa kuni na kibatari sasa umekaa njia panda ya mambo makubwa, na kanuni za mambo hayo zitabadilishwa mara nyingi katika maisha ya watoto wetu.

Nikiitwa kutoa maoni siku kanuni za rufaa zinaporekebishwa, jambo la kwanza nitakaloomba ni lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama katika nchi hii. Lakini Kanuni za 2012 nilizisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, na neno moja likanichukua jioni nzima. Fomu ya rufaa iandikwe kwa Kiswahili ambacho karani wa kijiji anaweza kumsomea bibi akaelewa. Na kila uamuzi unaompa mtu haki ya kukata rufaa uandikwe mwishoni tarehe yenyewe ya mwisho. Usiandikwe "ndani ya siku 21" halafu basi. Uandikwe: mwisho ni tarehe fulani, siku fulani. Wino wa mstari mmoja. Mimi mstari huo ungeniokoa.

Umbali nao ni kizuizi, hata kama hauandikwi popote. Kutoka hapa hadi Dodoma ni kama kilomita 240, na hadi Dar es Salaam ni karibu 700. Siku hizi tunashukuru, unapanda basi alfajiri hadi Dodoma, unadaka treni ya umeme, na jioni uko Dar. Lakini bado ni nauli, malazi, na mashine iliyolala. Mahakama za kawaida zilipata kanuni za kusajili mashauri kwa mtandao tangu mwaka 2018. Mwenye rufaa ya nishati aliyeko Manyoni au Itigi apewe haki ya kuwasilisha karatasi zake akiwa palepale, apokelewe na karani, agongewe muhuri wa tarehe, aondoke na nakala. Akishindwa kusafiri, asikilizwe kwa video. Nayasema haya nikijua Ibara ya 13 ya Katiba inamhakikishia mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa, hata kama aliyeamua si mahakama bali chombo kingine. Haki hiyo ya Singida inatakiwa iwe na uzito uleule wa haki ya Posta, Dar es Salaam.

Kuhusu zile siku zenyewe, wenzangu wengi wangependa ziwe sitini. Mimi sitaki. Mtoa huduma naye anahitaji kujua mambo yameisha lini, na uamuzi unaoning'inia miezi miwili unamwumiza pia aliyeshinda. Siku 30 kama za Kenya zingetosha, zihesabiwe tangu mtu alipoupokea uamuzi mkononi mwake, na kupokea huko kuthibitishwe kwa saini.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya mashine, akanikuta nafunga chujio. Alikuwa na bahasha ndani ya jaketi. Malalamiko yake ya mafuta machafu, pikipiki iliyokufa injini, uamuzi umetoka na hajaridhika. Alikuwa ameambiwa kijiweni kwamba kule kwa mama wa alizeti kuna chupa.

"Uliupokea lini?" nikamwuliza.

"Ulipokelewa na mjumbe, mama. Mimi nilikuwa safarini Haydom."

"Mjumbe alikukabidhi lini? Ulisaini?"

Hakukumbuka. Nikampigia simu mjumbe, akaniambia ni Jumapili baada ya ibada, na daftari lake lina saini ya kijana. Nikaishusha kalenda, nikailaza juu ya gunia, nikachota mbegu ishirini na moja kwenye tangi. Jumapili nikairuka. Jumatatu, mbegu. Alikuwa akinitazama mikono kama nilivyoitazama ile ya mzee, na nilipofika Jumamosi alifungua kinywa kusema kitu, nikatikisa kichwa. Tulipoifikia tarehe ya siku ile nikasimama, nikahesabu zilizobaki kiganjani.

Tisa.

Nikamwambia aingize pikipiki kivulini, anawe mikono, akae tuandike.